Kutoka shubiri hadi mwaka wa nuru: jinsi ya kuanza kupima anga

Usiku wa tarehe 27 Julai 2018 niliwakusanya majirani juu ya paa. Nilikuwa nimesoma kwamba kupatwa kwa mwezi, kule kurefu kuliko kote katika karne hii, kungekamilika "19:30". Nikapiga hesabu ya haraka: 19:30 ni saa moja na nusu usiku. Saa moja na nusu ikafika na mwezi uko palepale, mzima, mweupe, hauna hata doa. Watu wakanywa chai yangu, wakanitania, wakashuka mmoja mmoja kwenda kulala. Saa nne na nusu, mwezi ulipogeuka mwekundu kama kaa la jiko, pale paani tulibaki wawili tu, mimi na mtoto wa jirani aliyegoma kulala.

Ile 19:30 haikuwa saa yetu. Ilikuwa UTC, saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Namba niliisoma sawasawa, kizio chake sikukiangalia.

Tangu siku ile, nikimfundisha mtu kutazama nyota sianzi na majina ya nyota. Naanza na vipimo. Na vipimo vya falaki, ukivitazama vizuri, vinajibu maswali manne tu: kitu kiko upande gani wa anga, kitaonekana lini, kinang'aa kiasi gani, na kiko mbali kiasi gani. Wanaoanza huchanganyikiwa kwa sababu wanachukua jibu la swali moja na kulibandika kwenye swali jingine. Mwongozo huu unapita kwenye maswali hayo kwa mpangilio huo. Darubini haihitajiki. Unahitaji mkono wako, daftari, nazi moja na paa lisilo na taa nyingi.

Hatua ya 1: Tenganisha maneno

Falaki ni elimu ya vitu vya angani, yaani mwendo wake, umbali wake na maumbile yake. Unajimu, kwa matumizi ya wengi leo, ni kutabiri mambo ya watu kwa nyota. Mwongozo huu ni wa falaki.

Kiswahili cha kila siku huita karibu kila kinachong'aa usiku "nyota", na hapo ndipo fujo inapoanzia. Nyota ya asubuhi si nyota, ni sayari ya Zuhura, na huwezi kuona mwanga wake yenyewe kwa kuwa haina. Unaouona ni mwanga wa jua uliogonga mawingu yake. Nyota yenye mkia ni kometa, bonge la barafu na vumbi linalozunguka jua. "Nyota iliyoanguka" ni kimondo, mara nyingi punje ndogo tu inayoungua ikiingia kwenye hewa yetu, kilomita zipatazo 100 juu ya vichwa vyetu. Neno kimondo tunalitumia pia kwa jiwe lililofika chini, kama Kimondo cha Mbozi kule Songwe, pande la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10.

Nyota ya kweli ni jua la mahali pengine. Kundinyota ni picha tu tunayoichora kwa kuunganisha nyota zinazoonekana kukaa karibu, hata kama moja iko mbali mara kumi kuliko jirani yake. Galaksi ni mji mkubwa wa nyota mabilioni. Wetu unaitwa Njia Nyeupe.

Hatua ya 2: Pima anga kwa mkono

Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kusema, "Ile nyota iko kama mita mbili kutoka kwenye mwezi." Anga haipimwi kwa mita. Ukisimama chini ukatazama juu, unachoweza kupima ni pembe, yaani ni kiasi gani jicho lako linapaswa kugeuka ili litoke kitu kimoja lifike kingine. Duara zima ni digrii 360. Kutoka upeo wa macho hadi utosini ni digrii 90.

Nyoosha mkono wako mpaka mwisho, fumba jicho moja, kisha tazama vidole vyako dhidi ya anga. Upana wa kidole kidogo ni karibu digrii 1. Vidole vitatu vya katikati vikibanwa pamoja ni karibu digrii 5. Ngumi ni digrii 10. Shubiri, kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole kidogo ukiwa umetanua kiganja, ni kati ya digrii 20 na 25. Mwenye mkono mrefu kwa kawaida ana ngumi kubwa pia, ndiyo maana kipimo hiki kinamfaa mtoto na mtu mzima.

Usikiamini kabla hujakikagua. Panga ngumi moja juu ya nyingine kuanzia upeo wa macho hadi utosini na uhesabu. Ukipata tisa, ngumi yako ni digrii 10 kamili. Ukipata kumi, ni digrii 9, basi iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Kisha jaribu kwenye nyota zenyewe: zile nyota tatu zilizopangana za mshipi wa Jabari, kundinyota ambalo programu za simu huliandika Orion, zina urefu wa karibu digrii 3 kutoka mwanzo hadi mwisho. Msalaba wa Kusini una urefu wa digrii 6. Mwezi mpevu utakushangaza, maana una nusu digrii tu; kidole kidogo kinaufunika wote na nafasi inabaki. Jua lina nusu digrii pia, lakini hilo usilipime kwa jicho tupu hata siku moja.

Vidole si kipimo cha wanafunzi tu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walipima kimo cha nyota kwa "isba", neno la Kiarabu lenye maana ya kidole, ambalo kwa Kiswahili cha zamani tungesema wanda. Duara zima waliligawa isba 224, kwa hiyo isba moja ni kama digrii 1.6. Ahmad ibn Majid, nahodha wa karne ya 15 aliyetunga mashairi ya njia za baharini ikiwemo ya kwenda Sofala, aliandika kwa vipimo hivyo. Chombo chao kilikuwa kibao kidogo chenye kamba iliyopigwa mafundo. Baharia alishika fundo kwa meno, akanyoosha kibao, akaona nyota imekaa juu ya ukingo wa juu na bahari kwenye ukingo wa chini.

Walichokuwa wanakipima hasa ni Jaa, nyota ya kaskazini. Kimo chake angani ni karibu sawa na latitudo ya mahali ulipo. Maskati, Oman, inakaa digrii 24 hivi juu ya upeo. Ukishuka kusini inashuka nawe, mpaka Mogadishu iko kama digrii 2, na ukishavuka ikweta inazama baharini moja kwa moja. Ndiyo maana mtu wa Tanga anayesoma mwongozo wa Ulaya unaomwambia "anza kwa kuitafuta nyota ya kaskazini" anapoteza usiku wake.

Digrii ikiwa kubwa mno, hugawanywa kwa 60 kupata dakika za tao, na kila dakika ya tao ikagawanywa kwa 60 kupata sekunde za tao. Dakika hizi si za saa, na alama zake ni ′ na ″. Mwezi una upana wa dakika za tao 31 hivi. Jicho zuri linaweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa dakika moja ya tao. Sekunde ya tao ni ndogo ajabu, sawa na sarafu yenye upana wa milimita 24 ukiitazama kutoka kilomita 5. Wavuvi na mabaharia wanaijua dakika ya tao kwa jina jingine, kwani ukitembea dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia umekwenda maili moja ya bahari, mita 1,852.

Hatua ya 3: Sema kitu kiko wapi

Namba mbili zinatosha. Ya kwanza ni kimo, digrii ngapi juu ya upeo. Ya pili ni azimuti, digrii ngapi ukizunguka upeo kuanzia kaskazini kupitia mashariki: kaskazini ni 0, mashariki 90, kusini 180, magharibi 270. Ukimwambia mwenzako kwa simu "kimo 40, azimuti 180", anageukia kusini, anapanga ngumi nne, anaiona.

Ila namba hizo hubadilika kila dakika kwa sababu dunia inazunguka, na mtu wa Kigoma hapati zile zile za mtu wa Lamu. Kwa hiyo wanafalaki wamechora latitudo na longitudo angani kwenyewe. Latitudo ya angani inaitwa deklinesheni. Sifuri yake iko juu ya ikweta yetu, kaskazini yake ni chanya na kusini yake ni hasi. Longitudo ya angani, ambayo programu huiandika kwa herufi RA, hupimwa kwa saa badala ya digrii, kutoka 0 hadi 24. Saa moja ni digrii 15, kwa kuwa 360 gawanya kwa 24 ni 15.

Deklinesheni ina faida unayoweza kuitumia leo. Toa latitudo yako kwenye deklinesheni ya nyota, na tofauti utakayoipata ni umbali wa nyota hiyo kutoka utosini mwako inapofika juu kabisa. Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku (programu itasema Sirius), ina deklinesheni ya −16.7. Tanga iko latitudo −5.1. Tofauti ni digrii 11.6, na alama ya hasi inasema ni upande wa kusini. Basi Shira ikifika juu kabisa Tanga, iko ngumi moja na kidole kusini mwa utosi, kimo cha digrii 78. Suheli, yaani Canopus, ina −52.7, kwa hiyo kimo chake kikubwa hapo Tanga ni digrii 42. Mabaharia walilitumia jina la Suheli kumaanisha kusini kwenyewe, na kwa kweli ikifika juu kabisa iko kusini sawasawa.

Sisi wa karibu na ikweta tumependelewa. Nyota za mshipi wa Jabari ziko karibu na deklinesheni 0, kwa hiyo huchomoza mashariki barabara na kuzama magharibi barabara, kama dira isiyohitaji sumaku. Jua nalo hutufikia utosini mara mbili kwa mwaka. Tanga ni karibu tarehe 7 Machi na 6 Oktoba. Simamisha mti mchana wa siku hizo uone kivuli kinavyopotea.

Hatua ya 4: Saa, na saa yetu

Matukio ya angani hutangazwa kwa UTC. Kitabu kitakwambia ongeza 3 upate saa za Afrika Mashariki, kisha wewe kichwani uondoe 6 upate saa ya Kiswahili. Kuna njia fupi: ondoa 3 tu kwenye UTC. UTC 18:30, toa 3, ni 15:30. Imezidi 12, toa 12, ni saa tatu na nusu usiku. UTC 04:00, toa 3, ni saa moja asubuhi. Aliyeko Maskati aondoe 2, kama bado anahesabu saa kwa Kiswahili. Ningelijua hili mwaka 2018, chai ile isingepotea bure.

Ngumi yako ni saa pia. Anga huzunguka digrii 15 kwa saa moja, kwa hiyo ngumi moja ya digrii 10 ni dakika 40. Kwetu jua huzama karibu wima, hivyo jua likiwa ngumi moja juu ya bahari una dakika kama 40 za mwanga, mwaka mzima. Huko Ulaya linazama kwa mshazari na hesabu hiyo inaharibika.

Kisha kuna siku mbili. Siku ya jua ni saa 24. Siku ya nyota, yaani muda wa nyota kurudi mahali pale pale, ni saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Zile dakika nne zinazopungua hulimbikizana, kila usiku nyota inawahi dakika 4, na kwa mwezi mmoja saa 2. Kilimia, kile kishada cha nyota zilizobanana, kikichomoza leo saa mbili usiku, baada ya mwezi kitachomoza saa kumi na mbili jioni. Ndiyo saa ya wakulima wa zamani. Kilimia huzama na jua mwishoni mwa Aprili na Mei, kinafichika wiki kadhaa, kisha huzuka alfajiri mnamo Juni. Wazee walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Jina lenyewe linatokana na kulima.

Mwezi nao una hesabu mbili. Unauzunguka mzingo wake kwa siku 27.3 ukiupima kwa nyota, lakini kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29.5, kwa sababu jua nalo limesogea na inabidi mwezi ulifukuzie. Kwa jicho, mwezi husogea kati ya nyota nusu digrii kila saa, yaani upana wake wenyewe. Ukiuona karibu na nyota fulani saa mbili, uangalie tena saa nne. Hakuna zoezi rahisi kuliko hilo, na watu wazima wengi hawajalifanya hata mara moja.

Hatua ya 5: Soma taarifa ya mwandamo

Kila mwaka, Shaabani ikielekea kwisha, simu zetu hujaa namba za falaki ambazo wengi huzisambaza bila kuzielewa: umri wa mwezi saa kadhaa, pembe na jua digrii kadhaa, kimo digrii kadhaa. Sasa una zana za kuzisoma.

Umri huhesabiwa kuanzia pale mwezi unapokuwa upande mmoja na jua, si kuanzia ulipoonekana. Kwa kuwa mwezi huliacha jua takriban nusu digrii kwa saa, mwezi wa umri wa saa 15 uko kama digrii 7 au 8 kutoka kwenye jua. Na chini ya digrii 7 hivi hilali haionekani hata kwa darubini ya kawaida, maana ukingo wake unaowaka ni mwembamba mno. Kwa jicho tupu, hilali ya saa 15 ni jambo la nadra sana. Ya saa 24 na zaidi, mbingu zikiwa safi, ina matumaini mazuri. Angalia pia kimo wakati jua linazama. Kimo cha digrii 5 maana yake, kwa hesabu ya ngumi, una dakika 20 hivi kabla mwezi nao haujazama, na nusu ya muda huo anga bado ina mwanga. Kesho yake utachelewa kuzama kwa dakika kama 50 zaidi, ndiyo maana hilali ya siku ya pili huonekana "kubwa" na watu huanza kulaumiana.

Hilali ya kwetu hulala kama mtumbwi. Ile ya bendera na picha za Ulaya, iliyosimama wima, ni hilali ya latitudo za mbali.

Hatua ya 6: Mng'ao

Kipimo cha mng'ao kinaitwa magnitudo, na kinakwenda kinyume: namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi. Lawama ziende kwa Wagiriki wa kale, waliozipanga nyota kwa madaraja kama wanafunzi, za kwanza, za pili, mpaka za sita zisizoonekana kwa urahisi. Mwaka 1856 Norman Pogson aliipa desturi hiyo hesabu: tofauti ya magnitudo 5 ni mng'ao mara 100 kamili, kwa hiyo magnitudo 1 ni mara 2.5 hivi. Vilivyong'aa kuliko daraja la kwanza vikasukumwa kwenye sifuri na hasi.

Shira ni −1.46, Suheli −0.74, na Mshtarii mara nyingi iko karibu na −2. Zuhura hufika −4 na zaidi, ndiyo maana watu huidhania ndege yenye taa. Mwezi mpevu ni −12.7 na jua ni −26.7. Tofauti ya hizo mbili ni 14, yaani jua linang'aa karibu mara 400,000 kuliko mwezi mpevu.

Tumia kipimo hiki kulipima anga lako lenyewe. Katikati ya jiji jicho linaishia magnitudo 3 au 4. Kijijini, mwezi ukiwa haupo, linafika 6. Hesabu nyota za Kilimia: ukiona sita bila taabu, una anga nzuri. Ukiona ukungu tu, tafuta paa jingine.

Mng'ao huo ni wa machoni. Taa ya baiskeli mlangoni inaweza kuishinda taa ya meli iliyoko mbali. Ili kulinganisha kwa haki, wanafalaki huuliza nyota ingeng'aaje kama ingewekwa umbali mmoja na nyingine zote, parseki 10 (parseki na mwaka wa nuru ni vizio vya umbali, tutavifikia Hatua ya 7). Hapo jua letu linakuwa 4.8, nyota hafifu ambayo mjini usingeiona. Shira ni 1.4. Suheli inaruka hadi karibu −5.5. Hiyo "ya pili" kwa macho inaishinda Shira mara mia kadhaa kwa nguvu halisi, ila iko miaka ya nuru 310 na Shira 8.6 tu.

Hatua ya 7: Umbali, kwa nazi

Kilomita zinatosha mpaka mwezini, kilomita 384,400 kwa wastani. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa bila kusimama hata kuchimba dawa lingefika baada ya siku 200. Kwenda kwenye jua lingechukua miaka 213, na hapo kilomita zinaanza kuchosha.

Basi ndani ya familia ya jua tunatumia kizio cha falaki, ambacho ni umbali wa dunia na jua. Tangu 2012 kimewekwa kuwa mita 149,597,870,700 kamili. Wewe shika kilomita milioni 150. Alama yake ya kimataifa ni "au" kwa herufi ndogo, kwa hiyo ukisoma "Mshtarii iko 5.2 au" usisubiri neno linalofuata. Utaridi ni 0.39, Zuhura 0.72, Mirihi 1.5, Zohali 9.5, Neptuni 30.

Chukua sasa ile nazi. Ifue, uchague yenye upana wa sentimita 14, uiweke mwisho wa uwanja. Hiyo ndiyo jua, na kila sentimita ni kilomita 100,000. Dunia ni punje ya ulezi, zaidi kidogo ya milimita moja, hatua 15 ndefu kutoka kwenye nazi. Mwezi ni chembe ya mchanga iliyo sentimita 4 kando ya ulezi. Mshtarii ni goroli, mita 78. Neptuni iko mita 450, huenda nje ya kijiji.

Nyota ya jirani iko wapi? Rijili Kantori (programu itasema Alpha Centauri), nyota zinazokaa pamoja ambazo kubwa yao imelizidi jua kidogo tu, ni nazi nyingine iliyo zaidi kidogo ya kilomita 4,000. Nazi yako ikiwa Dar es Salaam, jirani yake ni kama yuko Maskati. Huwa nasimama hapa kidogo ninapofundisha, maana uso wa mtu hubadilika akishaelewa kwamba katikati hapo karibu hakuna kitu.

Kwa umbali huo kizio cha falaki nacho kimeelemewa. Tunahamia mwaka wa nuru, na Mswahili hana sababu ya kukosea hapa, kwa kuwa tumezoea kusema "shamba liko mwendo wa saa mbili". Saa mbili hizo ni umbali, siyo muda. Mwaka wa nuru ni mwendo wa mwaka mmoja wa nuru, ambayo hukimbia kilomita 299,792 na ushee kila sekunde: jumla kilomita trilioni 9.46, au vizio vya falaki 63,241. Nuru ya mwezi hutufikia kwa sekunde 1.3, ya jua kwa dakika 8 na sekunde 20, ya Rijili Kantori kwa miaka 4.4, ya Kilimia kwa miaka 440 hivi. Galaksi ya Andromeda iko miaka ya nuru milioni 2.5, na katika anga jeusi unaiona kwa macho yako kama doa la moshi.

Mtu akikwambia "tukio lile lilitokea miaka ya nuru mia iliyopita", mkatalie kwa upole.

Umbali huo ulijulikanaje bila mtu kwenda? Nyoosha kidole gumba, fumba jicho la kushoto, kisha la kulia. Kidole kinaruka dhidi ya ukuta. Kivute karibu, kinaruka zaidi. Wanafalaki hufanya hivyo hivyo, ila "macho" yao mawili ni dunia ikiwa upande mmoja wa jua na, miezi sita baadaye, upande wa pili. Nusu ya mruko huo inaitwa paralaksi. Friedrich Bessel alifanikiwa kuipima mwaka 1838 kwa nyota iitwayo 61 Cygni. Nyota yenye paralaksi ya sekunde moja ya tao imepewa umbali wa parseki 1, ambayo ni miaka ya nuru 3.26. Hesabu yake ni nyepesi kuliko zote za falaki: gawanya 1 kwa paralaksi. Proxima, nyota ndogo iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, ina 0.77, moja gawanya kwa 0.77 ni parseki 1.3, yaani miaka ya nuru 4.24. Ikumbuke ile sarafu ya kilomita 5. Hata kwa nyota ya karibu kabisa, nusu ya mruko haifiki upana wake.

Hatua ya 8: Vilivyobaki

Joto la nyota huandikwa kwa kelvini. Ondoa 273 upate selsiasi, ingawa kwenye maelfu haikusumbui. Uso wa jua ni kelvini 5,770 hivi. Nyota nyekundu ni za baridi na za buluu ni za moto zaidi, kama moto wa kuni na wa jiko la gesi. Uzito wa nyota hulinganishwa na wa jua na wa sayari hulinganishwa na wa dunia, hakuna ugumu hapo.

Kuna kipimo kimoja ambacho hutakihitaji lakini nakutajia kwa raha yangu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza anga kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Orodha za vyanzo vya eksirei zilizofuata zikaandika nguvu ya kila chanzo kwa hesabu za Uhuru kwa sekunde, na neno letu likaingia kwenye majedwali ya vipimo vya falaki.

Hatua ya 9: Daftari

Andika kila unachokiona usiku huo huo, hata kama ni mstari mmoja. Mstari wangu huwa hivi: tarehe 15 Februari, Tanga, UTC 18:10, saa 3:10 usiku, Suheli, kimo 42, azimuti 180, magnitudo ya mwisho kuonekana 4, mawingu machache mashariki. Usiandike "karibu na mnazi wa jirani", mnazi hukatwa. Safu ya saa ya Kiswahili kando ya UTC niliiongeza Agosti 2018, na mtoto yule wa paani ndiye aliyenichorea mistari.